Dawa ya Miezi Sita, Ruhusa ya Miezi Miwili



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za kazi na ajali za mashineni. Safari hii tumeonelea tuandike juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huogopa hata kuutaja kwa jina lake, yaani kansa. Hasa tutaeleza habari ya kansa ya utumbo mpana ambayo imekwisha kufika kwenye ini, na dawa zinazotumiwa kupambana nayo.

Tuna sababu mbili. Kwanza, wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa akiambiwa kansa imefika kwenye ini, basi kilichobaki ni kumrudisha nyumbani akangoje siku zake. Jambo hilo si kweli kwa kila mgonjwa. Pili, mfanyakazi anaweza kukosa matibabu huku dawa ipo. Hukosa kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya siku za kazi, na kwa sababu ya kuogopa kuachishwa. Hayo ni mambo ya chama, na hatuwezi kuwaachia madaktari peke yao.

Wasomaji wetu wa Arua, Koboko na Inde, pamoja na watu wa West Nile walio katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, ambako baba na babu zao walikwenda kukata miwa tangu enzi za ukoloni, wanapaswa kujua jambo moja kabla hatujaendelea. Historia ya dawa za kansa ina mizizi kwao nyumbani.

SAFARI YA MWAKA 1961

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Baadaye aliona watoto wengine wenye uvimbe wa namna hiyo hiyo. Akaanza kuuliza: Ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Mwezi wa Oktoba 1961 alifunga safari pamoja na wenzake wawili. Mmoja wao alikuwa Dk. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na mwingine Dk. Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu la Ford walilolinunua kwa pauni 250. Kwa muda wa majuma kumi walikwenda kama kilometa 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali mpaka kusini mwa Afrika, wakiwaonyesha madaktari picha za watoto wagonjwa na kuuliza kama wamepata kuona ugonjwa kama ule. Waligundua kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, zisizo za miinuko mirefu. Ndizo nchi zenye malaria nyingi.

Mwaka 1964 wataalamu wa London, yaani Epstein, Achong na Barr, waligundua kirusi ndani ya uvimbe uliopelekwa kutoka Uganda. Kisha kati ya 1972 na 1979 wachunguzi wa shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lenye makao yake Lyon, Ufaransa, walikuja West Nile yenyewe wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, ili wajue kama kirusi hicho hutangulia ugonjwa. Damu ya watoto wa wakulima wa West Nile ikawa msingi wa elimu inayofundishwa leo duniani kote.

Upande wa matibabu, Uganda wakati ule haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt na wenzake wakajaribu dawa za kemikali, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Uvimbe wa watoto wengi uliyeyuka katika siku chache tu, na baadhi yao wakapona moja kwa moja. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago wodi maalum ya ugonjwa huo, na mwaka 1969 ikafuata ya pili kwa ajili ya kansa za aina nyingine, pamoja na kansa ya ini. Ndiyo ikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Wataalamu wa kigeni walipoondoka katika miaka ya Amin, madaktari Waganda chini ya Dk. Charles Olweny waliendelea na kazi katika hali ngumu. Kwa hiyo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuonyesha kwamba kansa fulani huweza kuponywa kwa dawa peke yake.

UGONJWA ULIOKUWA NADRA

Baada ya kuondoka Uganda mwaka 1966, Burkitt aligeukia jambo lingine. Kansa ya utumbo mpana ilikuwa nyingi Ulaya, lakini katika hospitali za Uganda alikuwa ameiona mara chache sana. Mwaka 1971 aliandika kwamba chakula ndicho sababu kubwa. Mwanakijiji wa Uganda alikula mtama, muhogo, maharage na mboga, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Choo chake kilikuwa kingi na kilipita upesi. Mwingereza aliyekula mkate mweupe na nyama alipata choo kidogo, nacho kilikaa tumboni muda mrefu.

Tangu wakati huo wataalamu wamegundua sababu nyingine pia: umri, kurithi katika ukoo, unene, kukaa bila kutumia mwili, pombe na tumbaku. Wenzetu wa West Nile wanaijua tumbaku vizuri. Kwa miaka mingi ndilo zao lililolipa karo za watoto. Lakini yule aliyeilima na kuivuta pia alijiongezea hatari ya kansa nyingi, na ya utumbo ikiwa mojawapo.

Leo ugonjwa huu si nadra kama zamani. Daftari la wagonjwa wa kansa la Kampala, lililoanzishwa katika miaka ya 1950 na ambalo ni moja ya madaftari ya zamani kabisa katika Afrika, limeonyesha kwamba kansa ya utumbo mpana imekuwa ikiongezeka. Tusiseme tena kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

UNAVYOFIKA KWENYE INI

Damu itokayo matumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoipeleka kwanza kwenye ini. Mfanyakazi wa shamba la chai ataelewa upesi: majani yote yaliyochumwa hupita kwanza kwenye mizani kabla ya kuingia kiwandani. Ini ndilo mizani ya vitu vyote vinavyotoka utumboni. Sasa chembe za kansa zikibanduka kutoka kwenye uvimbe wa utumbo zikaingia katika damu, mahali pa kwanza zinapokwama ni kwenye ini. Hapo huota na kukua.

Katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya utumbo mpana, kama 20 hukutwa ini limekwisha kuingiliwa siku ile ile wanapogunduliwa. Wengine hupatwa baadaye, hata kama utumbo ulifanyiwa upasuaji ukapona.

Ni lazima tutofautishe mambo matatu ambayo huchanganywa sana kwetu. Kansa iliyotoka utumboni ikafika kwenye ini bado ni kansa ya utumbo, na hutibiwa kwa dawa za kansa ya utumbo. Kansa iliyoanzia ndani ya ini lenyewe ni ugonjwa mwingine, wenye dawa nyingine. Hiyo mara nyingi husababishwa na homa ya ini ya aina ya B, ambayo imeenea kaskazini mwa nchi na West Nile, au na sumu ya ukungu katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Tena kuna kichocho cha tumbo, kilichojaa kando ya Mto Nile, ambacho huharibu ini na kuvimbisha tumbo lakini si kansa. Mtu hawezi kuyatenganisha haya kwa kupapasa tumbo. Lazima apimwe kwa picha na kwa kipande cha nyama kinachochunguzwa kwa darubini.

DALILI TUSIZOZIPUUZA

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mfanyakazi anaona damu katika choo chake. Anasema ni minyoo, au amiba, au kichocho, au bawasiri. Mara nyingi ni kweli. Anakunywa dawa, damu inapungua, anarudi kazini. Baada ya mwezi inarudi, naye anakunywa dawa ile ile tena. Hivyo hivyo mwaka unapita.

Tunawashauri hivi. Ukiwa umetibiwa kichocho au amiba na damu ikaendelea, usirudie dawa ile ile. Rudi kwa daktari umwambie wazi kwamba dawa haikusaidia. Fanya hivyo pia kama choo kimebadilika kwa majuma kadhaa, mara kufunga, mara kuharisha. Kama unakonda bila sababu. Kama una maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Au kama unachoka na kuishiwa damu bila kujua inakokwenda. Tusione haya. Kumwonyesha daktari mahali pa siri ni jambo la dakika chache. Kipimo cha kwanza ni kidole cha daktari, na kinachofuata ni mpira mwembamba wenye kamera unaoingizwa utumboni.

DAWA ZINAVYOFANYA KAZI

Kama vidonda vya ini ni vichache na vipo mahali panapofikika, mpasuaji anaweza kuvikata. Ini lina nguvu ya kuota tena hata likikatwa sehemu kubwa. Katika hospitali kubwa za dunia, kati ya wagonjwa 100 waliokatwa ini kwa sababu hii, kama 40 huwa wako hai baada ya miaka mitano. Lakini wagonjwa wengi hawawezi kukatwa mara moja. Hao hupewa dawa, na kwa baadhi yao dawa hupunguza vidonda mpaka upasuaji uwezekane.

Dawa ya zamani katika kazi hii ni fluorourasili, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake. Kila chembe ya mwili inapotaka kujigawa mara mbili huhitaji vifaa vya kujengea. Fluorourasili hufanana na kimojawapo cha vifaa hivyo. Chembe ya kansa huichukua ikidhani ni kifaa chake cha kawaida, kisha hukwama na kufa. Dawa hiyo hupewa pamoja na asidi foliniki, ambayo huiongezea nguvu. Tangu miaka ya 1990 zimeongezwa dawa mbili, oksaliplatini na irinotekani. Iko pia kapesitabini, kidonge kinachogeuka kuwa fluorourasili ndani ya mwili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliziingiza oksaliplatini, irinotekani na kapesitabini katika orodha ya dawa za lazima. Kwa hiyo si anasa ya matajiri.

Tuseme ukweli wote. Kwa mgonjwa asiyeweza kukatwa ini, dawa hizi kwa kawaida hazimalizi ugonjwa. Huupunguza na kuuzuia. Bila matibabu wengi huishi miezi michache tu. Kwa dawa za siku hizi, katika nchi zinazopatikana zote, wengi huishi miaka miwili au zaidi, na wachache huishi miaka mingi. Miaka miwili si kitu kidogo kwa mzazi mwenye watoto shuleni. Lakini mgonjwa aelezwe hayo waziwazi, ili aamue mwenyewe pamoja na jamaa zake.

Dawa hizi haziwezi kuchagua kansa peke yake. Hupiga kila chembe inayojigawa upesi: za kinywa, za tumbo, za nywele, na zile za uboho zinazotengeneza damu. Ndiyo maana damu hupimwa kabla ya kila zamu ya dawa. Mgonjwa akipata homa ya digrii 38 au zaidi, asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ile ile, maana askari wa mwili wake wamepungua na homa inaweza kumwua kwa siku moja. Akiharisha sana, hasa baada ya irinotekani, aende pia. Tena asichanganye dawa hizi na mitishamba bila kumwambia daktari, kwa sababu ini ndilo linalosafisha nyingi kati ya hizo.

Jambo moja linawahusu hasa wafanyakazi wa mikono. Oksaliplatini huharibu mishipa ya fahamu. Vidole vya mikono na miguu hufa ganzi, na maji baridi huuma kama sindano. Kapesitabini nayo inaweza kuchubua viganja na nyayo. Mkata miwa asiyesikia vidole vyake hawezi kushika panga kwa usalama, wala mwenye mashine hawezi kujua mkono wake uko wapi. Mwenzetu kama huyo akisema hawezi kazi, nyapara asimwite mvivu.

HESABU YA BARABARANI

Matibabu ya kawaida ni zamu 12, moja kila baada ya majuma mawili, yaani kama miezi sita. Kila zamu dawa hupita katika mshipa kwa muda wa siku mbili hivi. Arua iliwekwa katika mipango ya Taasisi ya Kansa ya kufungua vituo mikoani, nasi tunataka mipango hiyo itimizwe. Lakini tuchukue mfano wa mgonjwa anayelazimika kufuata matibabu yake yote Mulago.

Kutoka Arua hadi Kampala, kwa njia ya Pakwach na Karuma, ni kama kilometa 480. Kwenda na kurudi mara 12 ni kilometa zaidi ya 11,500. Mgonjwa wa Koboko atapita 12,000. Tulisema kwamba mwaka 1961 madaktari watatu walisafiri kilometa 16,000 nao wakasifiwa dunia nzima. Mgonjwa mmoja wa Koboko huenda zaidi ya robo tatu ya safari ile, ndani ya basi la usiku, huku anatapika, tena kwa nauli yake mwenyewe na ya jamaa anayemshika mkono.

Hata aliye Kakira au Lugazi, karibu zaidi na Mulago, hupoteza siku tatu au nne za kazi kila zamu. Kibarua anayelipwa kwa siku au kwa uzito hukosa mshahara wa siku hizo zote.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka kwamba mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini, akiugua, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini iliweka pia kwamba miezi miwili ikimalizika naye bado mgonjwa, mwajiri anaweza kumwachisha kazi kwa kufuata taratibu.

Ndugu zetu, linganisheni. Dawa ni ya miezi sita. Ulinzi ni wa miezi miwili. Mfanyakazi atakayefuata sheria hiyo peke yake huweza kupoteza kazi katikati ya matibabu, na akipoteza kazi anapoteza nauli, na akipoteza nauli matibabu yamekwisha. Wengine hujua hayo, kwa hiyo huficha ugonjwa na kuendelea kukata miwa mpaka waanguke.

Hata hivyo sheria huweka kiwango cha chini tu. Hakuna kinachokataza chama na mwajiri kukubaliana zaidi ya hapo katika mapatano ya pamoja. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi lijadili mambo haya kabla ya mazungumzo yajayo:

1. Mgonjwa mwenye barua ya daktari anayetibiwa kansa ahifadhiwe kazi yake mpaka zamu zote za dawa ziishe.

2. Siku za kwenda hospitali zihesabiwe ruhusa ya ugonjwa, si utoro. Ruhusa hiyo ihesabiwe kwa siku zilizotumika, si kama ugonjwa mmoja usiokatika, maana wengine huweza kufanya kazi kati ya zamu na zamu.

3. Anayepata ganzi ya mikono apewe kazi nyepesi, mbali na panga na mashine, bila kupunguziwa mshahara.

4. Mwajiri asaidie nauli, au gari la kampuni liendalo Kampala limchukue mgonjwa.

5. Zahanati ya shamba iandike kila anayerudi mara ya pili kwa damu katika choo, na impeleke hospitali kubwa badala ya kumpa vidonge vilevile.

Zaidi ya hayo, mwanachama wa mfuko wa akiba ya wafanyakazi ambaye hataweza kazi tena asisahau kwamba mfuko una malipo ya kutojiweza. Fedha hizo ni zake. Mwakilishi wa tawi amsaidie kujaza karatasi, maana mgonjwa hana nguvu ya kupanga foleni.

Haya si mambo ya huruma. Mfanyakazi ametoa nguvu zake miaka mingi, na kampuni imezitumia. Hatuombi mwajiri atibu kansa. Tunataka asimkatie mtu njia ya kufika kwenye dawa.

Tunawaomba wawakilishi waisome makala hii kwa sauti katika mkutano wa tawi, hasa kwa wenzetu wasiosoma, kisha waulize swali moja: Je, yuko mtu hapa anayeona damu na hajasema? Asimame au anyamaze, hiari yake. Lakini baada ya mkutano mwakilishi abaki kidogo chini ya mti, ili atakayetaka kumwendea peke yake amkute.

Umoja ni nguvu.